Mtoki wa Famau

"Ni mwiba," alisema Famau, nami nikaamini.
Nikamfunga kidonda kwa kitambaa safi,
nikakipulizia pole, fuu, fuu,
kama nilivyopuliziwa na mama.

Siku ya tatu mguu ulifura kama andazi,
kinenani likachomoza donge.
Dada yangu akanipigia simu usiku wa manane:
"Si mwiba. Ni msumari wa sanduku la tende,
una kutu, na kichochoro kile ni mavi ya punda tu."
Kuna neno alilikwepa.
Lilikaa kati yetu kwenye simu, likipumua:
pepopunda.

Kazi yangu ni vioo.
Asubuhi nikachukua tone la usaha,
nikalipaka, nikalipitisha motoni mara tatu,
nikamwaga rangi, nikaosha, nikamwaga nyingine,
nikainamia hadubini ya hospitali
ambayo skrubu yake imeshikwa na plasta.

Walikuwapo.
Vijiduara, vishada kwa vishada,
rangi ya zambarau zilizoiva, zile za kutia ulimi doa.
Bakteria. Hawana macho, hawana chuki.
Wana njaa na haraka:
mmoja huwa wawili
kabla kikombe cha pili cha chai hakijapoa.

Na pembeni mwao, wakubwa, wamepasuka,
kiini kimekatika mapande matatu:
chembe nyeupe.
Tangu utotoni niliambiwa usaha ni uchafu.
Ule ni uwanja wa maziko.
Hawa walikuwa ndani ya damu, wanakwenda zao,
wakanusa vita,
wakajibana ukutani, wakapita kiubavu
kwenye upenyo mwembamba kuliko wao,
kama tujibanavyo Mkomani kumpisha punda wa mchanga.
Wakala. Wakala. Wakafa vinywa vimejaa.
Umri wao siku moja, labda mbili.
Hakuna aliyewasomea hitima.

"Na mtoki?" dada akauliza.

Mtoki ni baraza, nikamwambia.
Chembe moja imefika na kipande cha adui
kama mtu aliyeokota kiatu kimoja njiani,
anauliza mlango kwa mlango: mwakijua hiki?
Maelfu wanatazama, wanatikisa kichwa.
Kisha mmoja, ambaye hajaitwa tangu aumbwe,
anasema: mimi.
Na huyo mmoja hugeuka elfu.
Ndiyo maana pamevimba. Maumivu yale ni umati.

Akanyamaza kidogo.
"Na lile jingine?"

Nikafungua kadi ya kliniki, imekunjika, yanuka mafuta ya nazi.
Wiki ya sita. Ya kumi. Ya kumi na nne.
Mara tatu alionyeshwa sumu iliyofishwa makali,
mara tatu akalia, akanyonya, akalala.
Famau hakumbuki.
Damu yake ilikuwa imeandika.
Leo tumeikumbusha tena, sindano ya bega,
na vidonge vya wiki nzima kwa ajili ya vile vishada.

Jioni, maabara imebaki mimi na feni,
nikatia kijiti cha pamba puani mwangu.
Rangi, maji, rangi.
Vishada vilevile.
Jirani amekaa kwangu miaka mingapi sijui,
hajavunja hata kikombe.
Fuu, fuu, nilimpulizia mtoto.
Je, ni mimi niliyemfungulia mlango?
Kioo hakijibu swali hilo.
Nikanawa mikono mpaka vidole vikakunjamana.

Siku ya tisa donge limenywea,
Famau akaja na kandambili moja, nyingine ameipoteza kwenye mpira.
Nikampandisha kigodani atazame.
"Zambarau!" akasema.
Kisha, bila kuondoa jicho:
"Zaliwa hizi?"

Hizo, nikamwambia,
zimekwisha kuliwa.